Vitabu vya Fali vya Kisanskriti na Ndege za Delta ya Rufiji: Ulinganisho wa Namna ya Kukusanya

Neno la Kiswahili ndege lina maana mbili. Kwanza ni kiumbe mwenye mbawa. Pili ni ishara ya heri au ya shari impatayo mtu mwanzo wa safari au wa kazi. Wenye kamusi wameiandika maana hii ya pili tangu zamani, na msemo wa ndege njema na ndege mbaya bado unafahamika kwa wazee wa pwani. Sarufi nayo inatoa ushahidi wake. Kiumbe huyo, kwa desturi ya lugha sanifu, hufuatwa na upatanisho wa viumbe hai, akaitwa ndege mwema au ndege mbaya aliyeruka; lakini fali huitwa ndege njema, na ndege mbaya iliyompata msafiri. Neno ni moja, upatanisho ni wa namna mbili. Lugha imekwisha kutenga mnyama na habari aliyoileta.

Jambo hili si la Kiswahili peke yake. Katika Kisanskriti neno shakuna ni ndege, tena ni fali. Kiyunani cha kale kilikuwa na oionos kwa maana hizo hizo mbili, na Waarabu walilipata neno tiyara, yaani kuamini ndege mbaya, katika shina moja na tayr, ndege. Mtu mwepesi wa kuhukumu angesema kwamba maana imesafiri kutoka taifa moja mpaka jingine pamoja na majahazi ya kaskazi. Yawezekana kwa baadhi ya maneno: fali yenyewe ni neno la Kiarabu bila ya shaka yoyote, na nuhusi, falaki na ramli kadhalika. Lakini mfanano wa maana hautoshi kuwa hati ya kusafiri. Watu wote walioanza safari zao alfajiri wamesikia ndege kabla ya kumwona mtu. Ili kujua kipi kimeazimwa na kipi kimezaliwa mahali, yapasa kutazama si fali zenyewe tu bali namna zilivyokusanywa na kuandikwa: nani aliyesema, nani aliyeandika, na nani aliyekata na kuunga.

Hapo ndipo vitabu vya Kisanskriti vinapomfaa mtafiti wa Kiswahili, na hasa yule atakayetaka kukusanya maneno ya namna hii katika delta ya Rufiji, mahali kama Salale. Havimfai kwa sababu fali zao ni za kweli kuliko za wengine. Vinamfaa kwa sababu wakusanyaji wao walio bora waliacha alama za mikono ya wale waliowatangulia, ilhali maandiko mengi yaliyohusu pwani ya Afrika ya Mashariki yamezifuta.

Kitabu kilicho mashuhuri katika elimu hiyo ni Brihatsamhita, kazi ya Varahamihira, mwanafalaki wa nchi ya Avanti katika karne ya sita. Kina sura zaidi ya mia moja, na ndani yake mna habari za mienendo ya sayari, kupatwa kwa jua na mwezi, nyota zenye mikia, mvua, matetemeko ya nchi, majengo, vito, alama za mwili wa mtu, na sura kadhaa mfululizo juu ya fali za ndege na wanyama. Varahamihira hakudai kwamba ameyazua hayo. Alipoanza sehemu ya shakuna alizitaja njia zilizomfikishia elimu ile: mafundisho ya Rishabha yaliyotegemea wakubwa waliomtangulia, rai ya Bharadvaja kama ilivyoandikwa na Dravyavardhana, mfalme wa Avanti, maneno ya Marishi Saba, na vitabu vya Garga na wenziwe waliotunga juu ya safari. Tena akasema jambo ambalo mtaalamu wa lugha hawezi kulipita bila kusimama: kwamba baadhi ya aliyoyatazama yaliandikwa kwa Kisanskriti na mengine kwa Kiprakriti, yaani lugha za watu wa kawaida. Baada ya kuyaona yote ndipo alipofupisha kwa ajili ya wanafunzi.

Maelezo hayo ni mafupi, lakini yanampa msomaji mambo matatu. Yanamjulisha kwamba kitabu ni muhtasari. Yanamjulisha majina ya waliofupishwa. Na yanamjulisha kwamba elimu ilipita katika ndimi mbili, ya chuoni na ya sokoni. Msomaji wa zama zetu anaweza kuuliza ni nini kilichopotea katika kuvuka kutoka Kiprakriti hadi Kisanskriti, kwa sababu mwandishi mwenyewe amemwonyesha kivuko.

Tabia ya pili ya Varahamihira ni kutoficha khitilafu. Katika sura ya nyota zenye mikia alieleza kwamba wako wasemao ziko mia na moja, wako wasemao elfu, na Narada asemaye ni moja tu yenye sura nyingi. Naye hakuchagua. Aliona idadi si kitu, na kwamba linalotakiwa ni kueleza matokeo yake. Katika sura ya kupatwa kwa mwezi alikwenda mbali zaidi. Kama mwanafalaki alijua kwamba mwezi huingia katika kivuli cha dunia, akaeleza hivyo, akaikataa hadithi ya joka Rahu kuwa ndiyo sababu. Na hata hivyo, baada ya kuikataa, aliandika fali za kupatwa kama alivyozipokea. Wengine wamemlaumu kwa jambo hili, wakiliita kigeugeu. Lawama hiyo haina nguvu. Aliyejua sababu ya kweli na bado akahifadhi maneno ya wengine, kila moja mahali pake, ametimiza kazi mbili bila kuichafua hata moja.

Wakusanyaji wawili waliomfuata walikamilisha aliyoyaacha. Wa kwanza ni Utpala, aliyeandika sherehe ya Brihatsamhita katika karne ya kumi. Kila Varahamihira alipofupisha, Utpala alileta maneno marefu ya Garga, ya Parashara na ya wengine, hata leo mtafiti anaweza kuweka chanzo upande mmoja na muhtasari upande wa pili, akaona mkasi ulipopita. Wa pili ni Ballalasena, mfalme wa Bengali, aliyeanza kutunga Adbhutasagara, Bahari ya Maajabu, mwaka 1168, akafa kabla ya kuimaliza, na mwanawe Lakshmanasena akaikamilisha. Mfalme huyu alizipanga ishara katika mafungu matatu ya jadi: za mbinguni, za angani, na za ardhini. Chini ya kila jambo aliweka maneno ya wakubwa mbalimbali kwa majina yao, hata pale walipopingana. Vitabu vingine alivyovitaja vimepotea kabisa, na havijulikani ila kwa vipande alivyovihifadhi yeye.

Basi mbele ya msomaji kuna wakusanyaji wa namna tatu: mwenye kufupisha na kutaja njia, mwenye kufafanua kwa kurudisha chanzo, na mwenye kupanga kila neno chini ya jina la msemaji wake. Hapana mmoja kati yao aliyeandika kwamba Wahindi huamini hivi au vile. Maneno ya namna hiyo yangemshangaza Ballalasena, kwa sababu kwake fali haikuwa na kabila. Ilikuwa na msemaji.

Upungufu wao nao usifichwe. Majina waliyoyataja ni ya marishi, wanavyuoni na wafalme. Mkulima, mchungaji na mvuvi, ambao bila shaka ndio waliowatazama kunguru na mbweha siku zote, hawakutajwa kwa majina. Vitabu hivi vilikusudiwa kumtumikia mfalme: Varahamihira alitumia sura nzima ya mwanzo kueleza sifa za mnajimu wa baraza. Tena hapana daftari la fali zilizokosea. Aliyesoma Adbhutasagara atajua nani alisema nini. Hatajua ni mara ngapi jambo lile lilitokea, wala mara ngapi halikutokea.

Faida ya kutaja njia inaonekana wazi katika mfano mmoja unaoigusa pwani yenyewe, nao ni fali za mwaka. Katika pwani ya Waswahili mwaka wa Nairuzi, wenye asili ya Kiajemi, una siku 365 bila ya siku ya nyongeza, nao ulihesabiwa kwa miongo 36 ya siku kumi kumi pamoja na siku tano za mwisho. Ulikuwa mwaka wa mabaharia na wakulima, maana mwaka wa Kiislamu wa mwezi haufuati misimu. Wazee walizoea kuuita mwaka kwa siku ya juma ulioanzia, na siku hiyo ikachukuliwa kuwa na habari za mwaka mzima. Katika Brihatsamhita nako mna sura juu ya miaka na sayari zinazoitawala: mwaka wa Jua hutajwa kuwa wa shida na uchache wa maji, na mwaka wa Mwezi kuwa wa mawingu na neema. Na kwa kuwa siku za juma ni za sayari, mwaka wa Jua ni mwaka wa Jumapili, na mwaka wa Mwezi ni mwaka wa Jumatatu. Anayelinganisha maneno tu atasema mara moja: hizi ni fali moja.

Lakini atazame hesabu. Siku 365 ni majuma 52 na siku moja. Kwa hiyo mwaka wa Nairuzi husogea siku moja kila unapoanza: ukiwa ni mwaka wa Jumapili, ujao ni wa Jumatatu, na kila siku hupata zamu yake baada ya miaka saba. Wanafalaki wa Kihindi walimpata bwana wa mwaka kwa mwaka wa siku 360, ambao ni majuma 51 na siku tatu. Basi baada ya mwaka wa Jumapili hufuata mwaka wa Jumatano, kisha wa Jumamosi. Zamu ni saba huku na huku, lakini mfuatano ni mwingine kabisa. Mtu angeweza kuzichukua fali kutoka bahari moja hadi nyingine na kuzipachika katika kalenda ya kigeni, nazo zikaonekana kama zimemea hapo hapo. Aliyeandika fali ya mwaka bila kuandika hesabu iliyouzaa mwaka ameandika nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa na ushahidi wa asili yake.

Hapana budi sasa kuyatazama maandiko ya Kiswahili. Kazi kubwa iliyotangulia katika desturi za pwani ni kitabu kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903, Desturi za Wasuaheli, chini ya jina la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki cha Berlin. Ndani yake mna habari za kuzaliwa na kulea, ndoa, maziko, ngoma, pepo, uganga, utumwa na sheria. Kiswahili chake ni kizuri mno, chenye mwendo wa mtu asemaye na wenziwe barazani. Sehemu kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyefika Berlin mwaka 1900 kufundisha lugha yake na kufariki huko mwaka 1927. Msomaji wa toleo lile hakumkuta Mtoro mahali pa mtunzi. Ilimpasa kungoja hadi mwaka 1981, ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, ambayo jina lake lenyewe linasema kwamba desturi hizo ni za Mtoro bin Mwinyi Bakari na za Waswahili wengine.

Allen alifanya haki, na sifa yake isipunguzwe. Walakini hao Waswahili wengine wamebaki bila sura. Mahali gani ni Mtoro asemaye aliyoyaona Bagamoyo, mahali gani ni mtu mwingine wa pwani, na mahali gani ni kalamu ya mhariri iliyonyosha maneno ili yafae kusomeshwa? Jina la kitabu, kwa kusema Wasuaheli, limewafunika wote kwa shuka moja. Msomaji asiye mwangalifu atachukua desturi ya Mrima wa kaskazini na kuihesabu kuwa ya Kilwa, ya Mafia na ya Rufiji. Katika mambo ya harusi kosa hilo ni la kuvumilika. Katika mambo ya fali halivumiliki, kwa sababu fali imefungwa na mahali: ndege asiyekaa katika nchi hawezi kuwa ndege mbaya wa nchi hiyo, na mto usiofurika hauna ishara za mafuriko.

Kwa upande wa vitabu vinavyotumiwa na waganga wa pwani wenye kusoma, hali ni kinyume, na matokeo ni yale yale. Kitabu kinachobeba jina la Abu Maashar, mwanafalaki wa Balkh aliyefariki mwaka 886, kimetumika sana mikononi mwa waganga wa kitabu. Hapa jina la mkubwa halikufutwa. Limekuzwa mpaka likawafunika waliokuja baada yake wote, wale walionakili, walioongeza na waliofasiri kwa Kiswahili mbele ya mgonjwa. Katika Desturi msemaji amemezwa na kabila. Katika kitabu cha falaki amemezwa na babu. Ballalasena aliiepuka mitego yote miwili kwa kutaja wengi, kila mmoja kwa lake.

Rufiji yenyewe ina mfano mwema unaothibitisha kwamba jambo hili linawezekana kwa Kiswahili. Mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kukusanya masimulizi ya vita vya Majimaji kutoka kwa wazee. Miongoni mwa mambo yaliyoandikwa ni habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyechukuliwa na pepo Hongo, akaingia katika maji, na kutoka akiwa mkavu. Wadachi wakamnyonga mwaka 1905 vita vilipoanza. Kwa mpango wa Ballalasena habari hiyo ingewekwa katika fungu la maajabu ya ardhini. Lakini thamani yake kwa mtafiti haitokani na ajabu. Inatokana na kwamba masimulizi yalichukuliwa kwa watu waliojulikana, katika vijiji vilivyojulikana, na walipohitilafiana khitilafu haikutupwa. Ebrahim Hussein alipotunga tamthilia yake Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, aliweza kuuliza juu ya uzito wa neno lililomponyoka msemaji wake na kuwa na nguvu kuliko yeye. Swali hilo ndilo swali la kila fali iliyokusanywa.

Liko pia jambo la sarufi, nalo ni zito kuliko linavyodhaniwa. Wababeli, waliokusanya fali kabla ya Wahindi na ambao baadhi ya wataalamu, David Pingree akiwa mashuhuri kati yao, wamewahesabu kuwa chanzo cha nyingi za Kihindi, walizianza fali zao kwa neno shumma, yaani ikiwa. Kisanskriti mara nyingi hakihitaji neno hilo. Huweka jambo na mtendaji wake katika uhusika wa mahali, na msomaji akafahamu kwamba jambo hilo likiwapo, lile nalo litakuwapo. Ndiyo kazi hasa ya kiambishi -ki- katika Kiswahili. Mtu asemapo bundi akilia juu ya paa, hakutenga sharti na wakati. -Ki- imebeba yote mawili. Lakini matokeo ya sharti hilo hayana namna moja. Mmoja atasema bundi akilia, huja msiba. Mwingine atasema bundi akilia, msiba utakuja. Wa kwanza ameeleza mazoea ya mambo yaliyokwisha kuonekana. Wa pili ametabiri jambo moja lijalo. Wa tatu atasema msiba waweza kuja, naye ameacha mlango wazi. Mkusanyaji anayeyaandika yote matatu kwa -ta-, kwa kuwa ndivyo yanavyosikika vizuri katika orodha, amempa kila msemaji yakini ambayo huenda hakuwa nayo. Ndivyo watu wenye shaka wanavyofanywa kuwa washirikina kwa kalamu ya mtu mwingine.

Mfano wa jicho unatosha. Jicho likicheza, wako wasemao utaona mgeni, na wako wasemao utalia. Wako wanaotenga kope ya juu na ya chini, na wako wanaotenga la kulia na la kushoto. Katika vitabu vya Kisanskriti kucheza kwa viungo vya kulia ni heri kwa mwanamume, na vya kushoto ni heri kwa mwanamke. Anayetaka kujua kama rai ya pwani inahusiana na ile ya Bara Hindi ni lazima ajue kila rai ilisikiwa wapi, na kwa mwanamume au kwa mwanamke. Orodha isemayo tu kwamba kwa Waswahili jicho likicheza ni ishara haimsaidii mtu yeyote.

Kwa nini basi Salale? Kata hiyo iko katika delta ya Rufiji, upande wa wilaya ya Kibiti iliyomegwa kutoka wilaya ya Rufiji. Delta ina mikoko ipatayo hektari 53,000, msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya Afrika ya Mashariki, na Wadachi waliutia katika hifadhi ya serikali mwaka 1898 kwa ajili ya boriti na magome yake. Huko mto na bahari hukutana mara mbili kila siku. Mkulima wa mpunga wa delta hutegemea maji ya mto yaliyosukumwa na bamvua kuingia shambani, na huogopa maji ya chumvi yanayopanda mto unapokuwa dhaifu. Mvuvi na mwenye kuvuka kwenda Mafia huangalia kusi na kaskazi. Kwa watu wa namna hiyo kusoma ishara si mchezo wa jioni. Ni hesabu ya chakula.

Hapo ndipo penye hatari kwa mkusanyaji wa leo. Amezoea kugawa maneno katika vikapu viwili. Ishara za mvua, upepo na mafuriko huziita maarifa ya jadi, na kuziandika kwa heshima katika taarifa za mazingira. Ishara za bundi, za kujikwaa na za siku huziita ushirikina, na kuzitupa au kuwaachia waandishi wa mambo ya ajabu. Mgawanyo huo ni wake. Yawezekana kabisa kwamba msemaji wake hana habari nao. Varahamihira hakuufanya. Katika kitabu kile kile chenye sauti za kunguru mna sura juu ya mimba za mawingu, isemayo kwamba mvua hutungwa kwa dalili za upepo na anga, na huzaliwa baada ya siku 195. Hiyo ni kanuni ambayo mtu aweza kuipima kwa kalenda na kipimo cha mvua. Kama Varahamihira angekuwa na vikapu viwili, sura hiyo ingeokoka na za ndege zingepotea, na leo asingejulikana mtu aliyeziona zote kuwa elimu moja.

Wakati nao unabana. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na umeme wake wa kwanza ulipatikana mwaka 2024. Mwezi Aprili wa mwaka huo huo mafuriko makubwa yaliwapata watu wa Rufiji na Kibiti. Mto ulio na lango si mto ule ambao mababu waliusoma. Ishara iliyosema kwamba mambo fulani yakionekana juu ya mto maji hufika baada ya siku kadhaa ilijengwa juu ya mwendo wa maji usiokuwa na mtu wa kuufunga. Si lazima ishara hizo zife. Huenda zikabadilika, huenda zikahamia katika upepo na bahari, ambavyo havina lango. Lakini wale walioujua mto wa kwanza kwa macho yao ndio pekee wanaoweza kusema ipi ilikuwa ishara ya mto na ipi ilikuwa ndege tu.

Kwa hiyo atakayekwenda Salale na daftari, na aende na sherehe ya Utpala kichwani. Aandike maneno kama yalivyosemwa, kwa -ki- yake na kwa hu- yake, na kwa lafudhi ya mahali, Kindengereko kikiwamo pale msemaji anapokimbilia, kama Varahamihira alivyokiri Kiprakriti. Aweke jina la msemaji kwa idhini yake, au kijiji, umri na kazi ikiwa hataki jina litajwe. Aandike kijito, majira ya maji, na hesabu ya mwaka anayoitumia msemaji, iwe ya Nairuzi, ya mwezi au ya serikali. Asiunganishe rai mbili zilizopingana. Aulize pia ambalo Wahindi hawakuliuliza: ilikuwa lini fali hiyo ilipokosea, na watu walisema nini siku hiyo? Jibu la swali hilo litaeleza zaidi juu ya imani za delta kuliko orodha ya ndege mia.

Mwisho, asikimbilie kuandika neno Waswahili juu ya jalada. Vipande vya vitabu vilivyopotea vinasomeka leo kwa sababu Ballalasena hakuona taabu kurudia majina ya wasemaji kila ukurasa. Wazee wa Salale hawakuandika vitabu. Wakipotezwa majina yao na mahali pao, haitabaki sherehe ya kuwarudisha.